Wizara ya Mazingira ipo, lakini inaweza kuzuia nini?

Serikali mpya inapotangaza Baraza la Mawaziri, watetezi wa mazingira huipitia orodha wakitafuta wizara moja tu. Ikiwepo, wanashusha pumzi. Isipokuwepo, matamko yanaanza. Miaka ya karibuni wamekuwa na kazi ya kutosha. Oktoba 2022 serikali mpya ya Uswidi iliifuta wizara ya mazingira iliyokuwa ikijitegemea tangu 1987 na kuyaweka majukumu yake chini ya wizara ya tabianchi na biashara. Desemba 2023 Javier Milei alishika madaraka Argentina, akapunguza wizara kutoka 18 hadi 9, na mazingira yakateremshwa hadi kuwa idara ndani ya wizara nyingine. Indonesia ikaenda upande wa pili: Oktoba 2024 Prabowo Subianto aliitenganisha wizara ya mazingira na ile ya misitu, mbili ambazo mtangulizi wake, Joko Widodo, aliziunganisha mwaka 2014. Ujerumani nayo, Mei 2025, iliyarudisha masuala ya tabianchi kwenye wizara ya mazingira baada ya kuyakabidhi kwa wizara ya uchumi kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mabadiliko haya yanasomwa vibaya. Yanachukuliwa kuwa ushindi au msiba kwa kuangalia kama neno mazingira limebaki kwenye kibao cha mlangoni, na kibao hakituambii mengi. Wizara ya barabara hujenga barabara na ya afya huendesha hospitali, lakini ya mazingira haina kitu kikubwa cha kujenga ambacho mwananchi atakiona akipita. Kazi yake hasa ni kuzisimamia wizara nyingine, pamoja na wale wote waliopewa leseni na wizara hizo. Kwa hiyo anayetaka kujua kama nchi imepata au imepoteza, aulize wizara hiyo inaweza kuzuia nini, na inajua nini bila kuambiwa na yule inayemkagua. Nitaongeza swali la tatu ambalo halipendwi: nani anaijaza mifuko yake?

Historia inaeleza kwa nini hali ni hii. Wizara na mamlaka za mazingira ni za juzi tu. Uswidi ilianzisha mamlaka yake ya kuhifadhi mazingira mwaka 1967. Marekani ilianzisha shirika lake la EPA Desemba 1970, mwaka ambao Uingereza nayo iliunda wizara yake. Ufaransa ikafuata mwaka 1971. Juni 1972 ukafanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Stockholm, likazaliwa shirika la umoja huo la mazingira, UNEP, na makao yake yakawa Nairobi, na baada ya hapo nchi moja baada ya nyingine zikaiga. Wizara hizi zilifika kama mgeni anayekuta vyumba vyote vya nyumba vimeshagawanywa. Maji yalikuwa na mwenyewe, misitu na madini vilevile, na nishati ilikuwa na mwenyewe mwenye fedha nyingi kuliko wote. Hakuna waziri aliyekuwa tayari kuachia eneo lake. Mgeni akapewa yale yaliyobaki: kuweka viwango vya uchafuzi, kupitia tathmini za athari kwa mazingira, kukagua, kuhudhuria mikutano ya mikataba ya kimataifa, na kuhamasisha umma.

Hilo la mwisho ndilo limeuharibu uelewa wetu. Kuhamasisha hakuna adui. Waziri akipanda mche mbele ya kamera hakuna mwekezaji atakayempigia simu Rais kulalamika, na mche huo utahesabiwa kwenye taarifa ya mwaka hata kama umekauka wiki ya tatu. Matokeo yake wananchi wengi wanaifahamu wizara hii kwa usafi na upandaji miti, kazi ambazo serikali za mitaa na idara za misitu zinaweza kuzifanya vizuri zaidi. Kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, yaani kumwambia waziri mwenzako kwamba bwawa lake, mgodi wake au bandari yake haitajengwa pale alipotaka, haina picha wala makofi.

Kwa nini basi kazi hiyo isiachiwe wizara zenye sekta zao? Jibu zuri zaidi ninalolijua liko Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani. Mei 1956 mkuu wa hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso, Hosokawa Hajime, aliripoti kwa maofisa wa afya ugonjwa usiojulikana. Watoto walikuwa wakishindwa kutembea na kuongea, na kabla yao paka wa mji ule walikuwa wameonekana wakitapatapa hadi kufa. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja chanzo kuwa zebaki iliyokuwa imeingia kwenye samaki. Mwaka huohuo Hosokawa aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda cha mwajiri wake. Paka aliyepewa namba 400 akaugua vilevile. Kampuni ikamzuia asiendelee na jaribio hilo na matokeo hayakutangazwa. Desemba ukawekwa mtambo wa kusafisha maji, na mkuu wa kampuni akanywa glasi ya maji yaliyosemekana kutoka humo mbele ya wageni, ingawa mtambo wenyewe haukutengenezwa kwa ajili ya kuondoa zebaki ya aina ile. Serikali ya Japani ilikuja kutamka rasmi chanzo cha ugonjwa Septemba 1968, miezi michache baada ya Chisso kuacha kwa hiari yake njia ya uzalishaji iliyotumia zebaki. Katikati ya kimya hicho, mwaka 1965, ugonjwa uleule ulizuka Niigata, kwenye mto uliopokea maji ya kiwanda cha kampuni nyingine.

Mtu anaweza kusema wale maofisa walikuwa wabaya. Mimi naona walikuwa wakifanya kazi waliyopewa. Wizara ya viwanda ya Japani ilipimwa kwa ukuaji wa viwanda, na Chisso ilikuwa mzalishaji muhimu wa malighafi za kemikali wakati nchi ikijijenga upya baada ya vita. Kumtaka mlezi wa viwanda awe pia mwendesha mashtaka wa viwanda ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Oktoba 2004, zaidi ya miaka 40 baadaye, Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba serikali ya taifa na ya mkoa wa Kumamoto zinawajibika kisheria kwa kutouzuia ugonjwa usienee baada ya mwisho wa 1959, wakati uwezo wa kisheria wa kuzuia ulikuwepo.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo watetezi wa kibao hawalipendi. Japani ilipoamka, ilianza na sheria. Bunge lilikutana mwishoni mwa 1970 na kupitisha sheria 14 za kudhibiti uchafuzi katika kikao kimoja. Shirika la Mazingira likaundwa Julai 1971, na halikupandishwa kuwa wizara kamili hadi Januari 2001. Kwa miaka 30 Japani haikuwa na wizara ya mazingira kwa jina, na ndiyo miaka ambayo hewa ya miji yake na maji ya mito yake yalisafishwa.

Sasa tuwasikilize wanaotaka wizara hizi ziunganishwe na nyingine, maana hoja yao kubwa ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Wanasema wizara ya pekee huwapa wengine wote nafasi ya kunawa mikono. Waziri wa nishati hufikiria megawati tu kwa kuwa yupo mwenzake wa kufikiria hewa, na mwenzake huyo hana bajeti, hana wahandisi, wala hana kampuni ya umeme ya kuiamuru. Ujerumani ilifuata mantiki hiyo mwaka 2021 ilipoyapeleka masuala ya tabianchi kwenye wizara ya uchumi: mwenye uwezo wa kubadilisha mitambo ya umeme apewe pia wajibu wa kupunguza hewa ukaa. Tanzania imejaribu kulijibu tatizo hilohilo kwa njia tofauti. Sera ya mazingira imekuwa ikisimamiwa kutoka Ofisi ya Makamu wa Rais, juu ya wizara za kawaida, huku Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikizitaka wizara za kisekta ziwe na vitengo vyao vya mazingira. Ukaribu na kiti cha juu una faida, ingawa na wenyewe haujitoshelezi. Mtu anaweza kukaa karibu na mkubwa na bado asisikilizwe.

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja hii uko Brazili, na bahati mbaya kwa kila upande, Brazili inawapa wote wawili silaha. Mwaka 2004 Amazon ya Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772 za msitu. Mwaka 2012 upotevu ulikuwa umeshuka hadi 4,571. Waziri wa mazingira aliyeanzisha mpango wa kupunguza ukataji huo, Marina Silva, anasifiwa kwa haki, lakini mpango wenyewe uliratibiwa kutoka ofisi ya Rais na kuzihusisha wizara zaidi ya kumi. Picha za setilaiti zilizoonyesha msitu unakatwa wapi zilitoka taasisi ya utafiti wa anga, INPE, iliyo chini ya wizara ya sayansi. Polisi wa taifa walikamata. Wafanyabiashara wa soya nao walikubaliana mwaka 2006 kutonunua mazao ya mashamba mapya yaliyofyekwa. Kisha mwaka 2008 baraza la fedha la taifa likaamua kwamba mkulima wa eneo la Amazon asiyeweza kuonyesha kuwa anafuata sheria za mazingira asipewe mkopo wa kilimo. Kwangu mimi uamuzi huo ndio wa kukumbukwa kuliko mengine yote. Mkaguzi anaweza kukwepwa porini, lakini karani wa benki anayedai cheti kabla ya kutoa pesa ya mbegu hakwepeki. Na karani huyo hakuwa mtumishi wa wizara ya mazingira.

Basi tufute wizara, kila mtu abebe mzigo wake? Sehemu ya pili ya kisa hichohicho cha Brazili inakataa. Jair Bolsonaro alipochaguliwa mwaka 2018 alitaka kuitia wizara ya mazingira ndani ya kilimo. Kelele zikapigwa, akarudi nyuma, kibao kikabaki mlangoni. Miaka minne ya utawala wake wizara ilikuwepo, na waziri wake wa mazingira, Ricardo Salles, alirekodiwa kwenye kikao cha mawaziri cha Aprili 2020 akishauri kwamba wakati vyombo vya habari vimeshughulika na korona ndio wakati wa kulegeza kanuni. Mwaka 2021 msitu uliopotea ulifika kilomita za mraba 13,038. Lula aliporudi madarakani mwaka 2023 na Marina Silva akarudi wizarani, upotevu ulizidi kushuka, ukafika takriban 6,500 mwaka 2024. Hata hivyo, katikati ya 2023, Bunge lilipokuwa likiidhinisha muundo mpya wa serikali, liliinyang'anya wizara hiyo rejesta ya mazingira ya mashamba na wakala wa maji, vikapelekwa wizara nyingine. Jina halikuguswa. Aliyekuwa akisoma orodha ya mawaziri peke yake hakuona kitu, ilhali rejesta ndiyo inayosema shamba hili ni la nani na mwenyewe anatakiwa kubakiza msitu kiasi gani.

Ukiviweka vipande hivi pamoja, unaona kwamba wizara ya mazingira hufanya kazi pale inapokuwa na kitu ambacho wengine hawawezi kusonga bila hicho. Inaweza kuwa saini, inaweza kuwa takwimu. Saini ndiyo inayozungumzwa zaidi, yaani cheti cha tathmini ya athari, lakini kwenye nchi nyingi imechakaa kwa sababu moja ya wazi: mtaalamu mwelekezi anayeandika tathmini huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Mimi nikishika ripoti ya namna hiyo huanzia sura ya njia mbadala, ile inayotakiwa kueleza ni wapi pengine mradi ungeweza kujengwa, au ingekuwaje usingejengwa kabisa. Maelezo ya wadudu na udongo yanaweza kujaza kurasa 80, halafu sura hiyo ikawa nusu ukurasa. Nusu ukurasa maana yake uamuzi ulikwisha kufanyika kabla ya mtaalamu kuitwa.

Ndiyo maana saini yenyewe inahitaji mtu wa kuipinga. Kenya ilitoa mfano mzuri. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, iliidhinisha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu. Wakazi wakaenda kwenye baraza la rufaa la masuala ya mazingira, na Juni 2019 baraza likafuta leseni, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya tathmini kukamilika na kwamba suala la mabadiliko ya tabianchi halikutendewa haki. Kwa lugha nyingine, taasisi ya mazingira yenyewe ndiyo iliyopitisha, na wavuvi na wakazi waliopewa na sheria mlango wa kugonga ndio waliozuia. Wanaodhani wizara yenye nguvu inatosha wanasahau kwamba nguvu hiyo inaweza kutumika kugonga muhuri kwa kasi zaidi.

Takwimu ni jambo la kimya zaidi na ndiyo maana hushambuliwa kimya. Julai 2025 shirika la EPA la Marekani lilitangaza kuifunga idara yake ya utafiti wa kisayansi. Shirika limebaki, mkuu wake yupo, nembo ipo. Lakini mkaguzi asiye na maabara yake atapokea vipimo kutoka kwa anayekaguliwa, na tumeshaona paka namba 400 alifichwa wapi. Nchi nyingi hazina hata idara ya kufunga. Sampuli ya maji inachukuliwa leo, inasafirishwa kwenye maabara ya taasisi nyingine, inakaa foleni, na majibu yakija mto umeshapitisha maji mengine. Wakili wa kiwanda hahitaji hoja kali kuishinda kesi ya namna hiyo. Anauliza tu sampuli ilikaa wapi siku zote hizo na nani aliifungua.

Imebaki hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi majukwaani: kwamba wizara hizi ni gharama na ni breki ya maendeleo, tukue kwanza, usafi baadaye. Kwanza, gharama. Kuhamishia maofisa walewale kwenye jengo la wizara nyingine kunaokoa mshahara wa waziri mmoja na magari yake, basi. Mikataba ya kimataifa inabaki ikidai taarifa na ukaguzi unabaki ukidai wakaguzi. Pili, hilo la kukua kwanza. Chisso ilikua kwanza. Fidia zilipoanza kudaiwa ikashindwa kuzibeba, na kuanzia 1978 mkoa wa Kumamoto ulilazimika kukopa kwa hati fungani ili kuikopesha kampuni isianguke. Gharama iliyokwepwa mwaka 1959 ilirudi kwa walipakodi ikiwa imevimba, na wenye ghuba ile walikuwa wameshazika watu wao. Naikubali hoja hii sehemu moja tu: kibali kinachokaa miaka miwili mezani bila jibu ni uonevu kwa mwekezaji mwema na ni mwaliko wa rushwa. Dawa yake ni wapitiaji wa kutosha na muda uliowekwa kisheria, na wote hao wanahitaji fedha ambazo wapiga kelele hao hao ndio wa kwanza kuzikata.

Na hapo ndipo linapokuja swali la mifuko. Taasisi inayoishi kwa ada za vyeti itapenda vyeti viwe vingi, na inayoishi kwa faini itapenda makosa yasiishe. Sasa kuna chanzo kipya kinachozidi hivyo vyote. Novemba 2024, mjini Baku, nchi zilimaliza kuandika kanuni za biashara ya kaboni chini ya kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris. Nchi ikiuza upunguzaji wa hewa ukaa kwa nchi nyingine, lazima itoe idhini rasmi, kisha ifute kiasi hicho kwenye hesabu zake ili kisihesabiwe mara mbili. Kwenye serikali nyingi atakayetia saini idhini hiyo ni wizara ya mazingira, ambayo pia ndiyo inayotunza hesabu ya taifa ya hewa ukaa na inayopitia athari za mradi kwa wenye ardhi. Taasisi iliyoundwa kwa sababu mlezi wa viwanda hakuweza kuvikagua viwanda inakuwa muuzaji, mhasibu na mkaguzi wa bidhaa yake yenyewe.

Kwa hiyo mara nyingine Baraza la Mawaziri likitangazwa, orodha ya majina isubiri. Hati ya mgawanyo wa majukumu hutoka baadaye kwenye Gazeti la Serikali, na ndiyo ya kusoma. Huko ndiko tutakuta nani ameshika wakala wa maji na rejesta ya ardhi, maabara iko chini ya nani, rufaa ya mwananchi inaanzia wapi. Na kwenye kaboni, tuangalie kama anayetia saini ya kuuza na anayehesabu kilichouzwa wanaripoti kwa katibu mkuu mmoja. Serikali nyingi bado hazijaamua jambo hilo, na likishaandikwa halitabadilika kirahisi, kwa kuwa wakati huo kutakuwa na wanunuzi wenye mikataba mkononi.